Kwinini haikuponyi kwa uchungu wake

Kwa vizazi viwili vitatu Afrika Mashariki, dawa ya malaria imepimwa kwa ulimi. Isipokuwa chungu, watu huitilia shaka. Ndiyo maana mwarobaini unachemshwa mpaka leo, shubiri inanywewa huku uso umekunjwa, na mzee aliyewahi kumeza kwinini atakwambia kwamba dawa za siku hizi ni laini mno, hazina ubavu wa kushindana na homa ya kweli. Imani hii ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyopotosha wengi. Kwinini ni chungu kweli, na inaua vimelea vya malaria kweli, lakini uchungu siyo unaoua. Ni kazi mbili tofauti za molekuli moja. Tena molekuli hiyohiyo ina kazi nyingine kadhaa: kwenye moyo, kwenye kongosho, ndani ya sikio. Baadhi zimewainua watu kitandani, na baadhi zimewapeleka kaburini.

Kwinini ni alkaloidi. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1819 na mfamasia wa mji wa Halle, Ujerumani, Carl Meissner, ili kuzikusanya pamoja kemikali za mimea zenye tabia ya besi, yaani zile ambazo zikikutana na asidi hushikana nayo zikawa chumvi. Zote zina nitrojeni ndani yake. Kafeini ya kahawa ni alkaloidi, nikotini ya tumbaku ni alkaloidi, mofini wanayopewa wagonjwa wa saratani ni alkaloidi, na striknini ya kuulia panya vilevile. Orodha hiyo peke yake inaonyesha kwamba kuuliza "alkaloidi zinafanya nini mwilini" ni sawa na kuuliza watu wanafanya kazi gani. Ni afadhali kushika ukoo mmoja na kuufuata. Ukoo wenyewe hapa ni ule unaopatikana kwenye magome ya mkwinini.

Mkwinini, ambao wataalamu wa mimea huuita Cinchona, ni mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini: Peru, Bolivia, Ekuado, Kolombia. Uko katika familia moja na mbuni, kwa hiyo kahawa ya Kagera na kwinini ya Andes ni ndugu wa mbali. Wenyewe huzitengeneza alkaloidi zake kwa kuanzia na triptofani, asidi amino ileile ambayo sisi tunaipata kwenye maharage, mayai na nyama. Hazikuwekwa pale kwa ajili yetu. Mti hauwezi kukimbia mdudu wala mnyama anayetafuna magome, na kemikali chungu inayovuruga mwili wa mlaji ni ulinzi mzuri. Kwamba ulinzi huo unamkera pia kimelea anayeishi ndani ya damu ya binadamu ni bahati tu.

Wazungu waliupata ujuzi wa magome haya katika karne ya 17. Wajesuiti, watawa wa shirika la Kikatoliki, waliyapeleka Roma, na kwa muda mrefu unga wake uliitwa unga wa Wajesuiti, jina lililowafanya baadhi ya Waprotestanti waukatae. Linnaeus, mtaalamu wa mimea Mswidi, aliupa mti huo jina la Cinchona mwaka 1742 kwa heshima ya mke wa gavana wa Peru, Countess wa Chinchón, aliyesemekana kuponywa na magome hayo. Hadithi ni tamu, lakini wanahistoria waliochambua kumbukumbu za wakati ule hawakuona ushahidi wake, na hata jina Linnaeus alilikosea kwa kuacha herufi moja.

Magome yalikuwa na kasoro moja kubwa: hakuna aliyejua kipimo. Mti mmoja una kwinini nyingi, jirani yake karibu hauna kitu, na mgonjwa anakunywa unga uliochanganywa na mvinyo bila kujua amepata kiasi gani. Mwaka 1820, jijini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou waliitenga kwinini ikawa safi. Hapo ndipo daktari alipoweza kusema gramu ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kuleta magome yenyewe Ulaya, na ndilo linalokosekana mpaka leo kwenye sufuria ya mwarobaini.

Ndani ya magome kuna alkaloidi zaidi ya 30, lakini zinazohesabika ni nne: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Kati ya mwaka 1866 na 1868 serikali ya kikoloni ya Uingereza huko India, iliyotaka dawa ya bei nafuu, ilizijaribu zote nne kwa maelfu ya wagonjwa wa homa. Matokeo yaliwashangaza wengi: zote zilitibu, na tofauti kati yake ilikuwa ndogo. Kwinini ilibaki na jina kwa sababu za biashara na mazoea zaidi kuliko kwa sababu za ubora. Kwinidini, kwa mfano, inaua vimelea kwa nguvu zaidi ya kwinini. Mbona basi haikuchukua nafasi yake? Jibu liko kwenye umbo.

Chukua kwinini na kwinidini. Kila moja ina kaboni 20, hidrojeni 24, nitrojeni 2 na oksijeni 2. Uzito ni mmoja. Hata mpangilio wa nani kashikana na nani ni uleule. Tofauti iko kwenye kona mbili tu, pale pande mbili za molekuli zinapoungana: kwenye kwinini kona hizo zimeelekea huku, kwenye kwinidini zimeelekea kule. Ni kama ndara ya kushoto na ya kulia, ila ulinganisho huo haukamiliki, kwa kuwa kona nyingine za molekuli hazikugeuka. Ukipitisha ndani yake mwanga uliochujwa ukabaki unatetema upande mmoja tu, kwinini huupinda kushoto, kwinidini huupinda kulia. Mwili nao hutambua tofauti hiyo, maana protini zake zina upande vilevile.

Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa moyo Mholanzi, Karel Wenckebach, alijiwa na mfanyabiashara aliyesumbuliwa na mapigo ya moyo yaliyokwenda ovyo. Daktari akamwambia hana la kumsaidia. Mgonjwa akajibu kwamba yeye mwenyewe anajua kuyatuliza, na kesho yake akarudi na mapigo yaliyonyooka. Alikuwa amekunywa gramu moja ya kwinini. Alikuwa amefanya biashara nchi za joto, alikozoea kuitumia, akagundua kwa bahati kwamba inamtuliza moyo. Wenckebach aliandika kisa hicho mwaka 1914. Miaka minne baadaye Walter Frey wa Berlin alilinganisha alkaloidi za mkwinini na kuona kwamba kwinidini ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye moyo. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilikuwa miongoni mwa dawa kuu za moyo unaopapatika.

Moyo hupiga kwa umeme, na umeme huo ni chumvichumvi za sodiamu na potasiamu zinazoingia na kutoka kwenye seli kupitia vijilango vya protini. Kwinidini huviziba vijilango hivyo kwa kiasi. Umeme uliokuwa ukizunguka ovyo hupunguzwa kasi, moyo ukashika mwendo wake. Ukizidisha, seli huchelewa mno kujiandaa kwa pigo linalofuata, na mgonjwa aliyekuja na mapigo ya ovyo anaweza kuondoka na mapigo ya hatari zaidi, hata kifo cha ghafla. Kwinini nayo hufanya hivyo, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo sababu ya ile kanuni ambayo kila muuguzi wa wodi ya watoto aliifahamu: kwinini haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa kwa bomba la sindano. Inachanganywa kwenye dripu na kudondoka polepole, kwa kawaida kwa saa nne, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa nane, baada ya dozi ya kwanza iliyo kubwa maradufu.

Na dripu yenyewe kwa kawaida huwa ya maji ya sukari, yaani dekstrosi. Sababu ni kongosho. Seli zinazotoa insulini zina vijilango vya potasiamu, na vijilango hivyo vikifungwa, seli hudhani sukari imepanda kwenye damu, ikamwaga insulini. Kwinini huvifunga. Sukari ya mgonjwa inashuka wakati ambapo vimelea navyo vinaila, na mtoto mwenyewe hajala siku mbili. Mjamzito yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kongosho lake tayari limechangamka. Hapa ndipo mtego ulipo: sukari ikishuka sana mtoto anapoteza fahamu au anapata degedege, na malaria kali nayo humpotezea fahamu na kumletea degedege. Anayemtazama kwa macho tu anaweza kuona ugonjwa umezidi, akasubiri kwinini ifanye kazi, kumbe kwinini ndiyo imefanya. Tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari humaliza ubishi kwa sekunde chache.

Sasa turudi kwenye kimelea chenyewe, kwani hapo ndipo ile tabia ya besi inapoonyesha maana yake. Kimelea cha malaria kikishajificha ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini. Huimeza na kuimeng'enya ndani ya kifuko chake cha chakula, ambacho kina asidi. Protini kinaipata, lakini hubaki kitu kisicholika: hemu, ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu. Hemu ikiachwa huru ni sumu kwa kimelea. Basi huigandisha kuwa fuwele za rangi ya hudhurungi zisizodhuru. Fundi wa maabara huziona kwenye darubini kama madoa ya rangi ndani ya vimelea vilivyokomaa. Ni kama uchafu uliofagiwa ukarundikwa pembeni.

Kwinini, ikiwa besi, hupenya mpaka kwenye kifuko kile kwa urahisi, lakini ikishakutana na asidi hubeba chaji, na molekuli yenye chaji haipiti tena ukutani kwa wepesi. Imenaswa. Nyingine zinafuata, nazo zinanaswa, hata kiasi kilichomo ndani ya kifuko kikawa mara nyingi zaidi ya kile kilichomo kwenye damu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba humo ndani hushikana na hemu na kuizuia isigande, na kimelea kikafa kwa sumu ya mabaki ya chakula chake. Watafiti wametaja pia protini nyingine za kimelea ambazo kwinini huzishika, na huenda sababu ni zaidi ya moja. Lililo wazi ni kwamba haigusi vimelea vilivyoko kwenye ini, kwa hiyo peke yake haiizuii malaria ya aina ya vivaksi, inayolala iniini, isirudi baada ya miezi.

Kazi zote hizi zinaonyesha kwa nini siafiki sana msemo wa "madhara ya pembeni". Hakuna pembeni. Molekuli haijui kama iko kwenye kimelea au kwenye kongosho. Inaingia panapoingilika na kushika inachoweza kushika. Anayetumia kwinini kwa dozi kamili, miligramu 600 mara tatu kwa siku kwa siku saba kwa mtu mzima, karibu lazima asikie masikio yakivuma. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, sauti za watu zinasikika kama zinatoka mbali. Kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Ukizidisha sana, macho ndiyo yanayoumia, na upofu wake si lazima urudi nyuma. Wapo pia wachache ambao kinga yao ya mwili huigeukia kwinini, ikaharibu chembe sahani zinazogandisha damu. Hilo halitegemei wingi, kidonge kimoja kinatosha. Ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kuiuza kiholela kwa wazee waliokuwa wakiitumia kutuliza mkazo wa misuli ya miguu usiku. Hatari kama hiyo inaweza kukubalika kwa mgonjwa wa malaria kali, si kwa mwenye mkazo wa mguu.

Na ulimi? Ulimi una vipokezi vya uchungu, takriban aina 25, na kwinini huamsha aina kadhaa kwa pamoja. Vipokezi hivi ni walinzi. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, na mtoto mchanga hutema kitu kichungu bila kufundishwa. Kwa hiyo uchungu unamaanisha "angalia, hii inaweza kuwa sumu", haumaanishi "hii ni dawa". Wala haumaanishi kwamba kitu ni alkaloidi. Uchungu wa mwarobaini unatokana hasa na limonoidi, na wa shubiri unatokana na aloini, na zote mbili hazina hata chembe ya nitrojeni. Artemisinini, iliyotoka kwenye mmea wa Kichina na kuwa msingi wa dawa za mseto tunazotumia sasa, nayo si alkaloidi. Mtu anayechagua dawa ya malaria kwa kuonja anatumia king'ora cha hatari kana kwamba ni kipimo cha ubora.

Kuna njia nzuri zaidi ya kuitambua kwinini bila maabara, ingawa haitibu mtu. Soda ya toniki inayouzwa kwenye chupa ina kwinini ndani yake. Iweke kwenye glasi, zima taa, uimulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia dukani. Maji yaliyokuwa meupe yatawaka rangi ya samawati. Kwinini hupokea mwanga ambao macho yetu hayauoni na kuurudisha kwa rangi tunayoiona. Ukifanya hivyo, usikimbilie kudhani kwamba umepata kinga. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 kwa lita. Kwa kiwango hicho, mgonjwa angehitaji zaidi ya lita 20 kwa siku kufikisha dozi ya mtu mzima.

Habari ya nani aliimiliki kwinini ni ndefu, nami nitaipitia haraka. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu bora kutoka Bolivia kupitia kwa Manuel Incra Mamani, mtaalamu wa miti hiyo, ambaye baadaye alikamatwa na kupigwa kwa kosa la kuzitoa, akafa. Waholanzi walizinunua, wakazipanda Java, na baadhi ya miti ikatoa kwinini hadi asilimia 13 ya uzito wa magome. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Java ilitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini yote ya dunia. Japani ilipoitwaa Java mwaka 1942, mataifa yaliyopigana nayo yalibaki mikono mitupu kwenye misitu yenye mbu. Hofu hiyo ndiyo iliyosukuma mbele dawa za viwandani, klorokwini ikiwamo.

Kwetu, mikwinini ilipandwa Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za meli, kituo kikawatengenezea askari kwinini kutoka magome yake. Jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, lilipokuwa likikimbizwa kusini lilichemsha magome na kunywa maji yake, kinywaji walichokiita kwa mzaha Lettow-Schnaps. Kivu nayo ikawa na mashamba makubwa ya mikwinini, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimetoa kwinini ya mashamba hayo kwa miongo mingi. Wakemia wamejaribu kuacha kutegemea mti. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18, alijaribu kuitengeneza kwinini akapata rangi ya zambarau ya nguo badala yake. Robert Woodward na William Doering walifika karibu mwaka 1944. Gilbert Stork ndiye aliyeweza kupanga kona zote za molekuli kwa makusudi, mwaka 2001. Zile kona zilizogeuka huku na kule ndizo zilizowashinda. Mpaka leo kuvuna magome ni rahisi kuliko kuijenga molekuli hiyo maabarani.

Kilichoiondoa kwinini kwenye nafasi yake ya kwanza ni hesabu ya vifo. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walikufa. Waliopewa sindano ya atesunate, dawa inayotokana na artemisinini, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesunate iwe chaguo la kwanza kwa watoto pia. Huchomwa haraka, haihitaji dripu ya saa nne, na haishushi sukari kwa namna ile.

Hata hivyo, kwinini haijafutwa kwenye makabati. Usugu dhidi yake ulitajwa huko Brazili tangu mwaka 1910, lakini kwa miaka yote hiyo umeenea kwa kusuasua kuliko usugu wa klorokwini. Wakati huohuo, Rwanda na Uganda zimeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovichelewesha kufa mbele ya artemisinini. Pale ambapo usugu huo umethibitishwa, mwongozo wa malaria kali ni kumpa mgonjwa atesunate na kwinini pamoja, zote kwa dozi kamili. Mahali kama hapo muuguzi atahitaji tena kuhesabu matone ya dripu, na kumpima mtoto sukari kila baada ya saa chache.